Namba, Jina na Ritani Inayorudishwa

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wamenitaka niandike juu ya jambo ambalo takriban kila nyumba yetu hapa Glenwood imekwisha kulionja, nalo ni ritani ya kodi inayopelekwa kwa mtambo na kurudishwa kwa sababu ya namba. Ombi lao nimelipokea kwa moyo mkunjufu. Tangu nistaafu ualimu, wanaonijia barazani baada ya alasiri hawaniletei tena hesabu za watoto. Huja na simu mkononi, na kwenye kioo chake pana maandishi mekundu. Vijana huja wamekasirika. Wazee huja na hofu, wengine wakidhani kwamba serikali imewashuku.

Jibu langu kwao wote ni moja. Mtambo haujui hasira wala tuhuma. Kazi yake ni kulinganisha daftari mbili, na zikihitilafiana japo kwa herufi moja, husimama. Basi anayetaka ritani yake ipite aitafute hitilafu pale ilipozaliwa, akaisahihishe huko huko. Kuipeleka ritani ile ile mara kumi ni sawa na kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamekwisha hama.

Kwanza tulisafishe neno PIN, kwani limetuchanganya sana. Kwa sisi tuliotoka Kenya, PIN ni namba ya mlipa kodi. Ina nafasi 11: herufi A kwa mtu binafsi, kisha tarakimu 9, kisha herufi nyingine mwishoni. Namba hii si siri. Mwajiri huitaka, benki huitaka, na wakili wa ardhi hawezi kufanya kazi bila ya hiyo. Lakini katika benki, PIN ni zile tarakimu chache ambazo hata mkeo hupaswi kumtajia. Na watoto wetu walioko Marekani wana PIN ya tatu, inayotolewa na idara ya kodi ya huko kuwalinda watu na wezi wa utambulisho. Hiyo ina tarakimu 6, ni siri, na kila mwaka hutolewa mpya. Ilianza mwaka 2011 kwa waliokwisha ibiwa, na tangu mwaka 2021 yeyote anayeweza kuthibitisha kuwa ni yeye anaweza kuiomba. Aliyepewa namba hiyo akaiacha nje ya ritani, au akatia ya mwaka jana, ritani yake ya mtambo hurudishwa. Hali kadhalika ikiwa namba ni ya mke au ya mtoto anayetajwa humo.

Majirani zetu wa Tanzania na Unguja wana TIN yenye tarakimu 9, na kitambulisho cha Taifa chenye tarakimu 20. Hapa Afrika ya Kusini namba ya kodi ina tarakimu 10, na ile ya kitambulisho ina 13. Kwa hiyo mzee mmoja wa nyumba yetu anaweza kuwa na namba tano au sita, kila moja na desturi yake. Nimewaona watu wazima wakimficha wakili wao PIN ya Kenya kana kwamba ni hirizi, na dakika ile ile wakimsomea kijana wa dukani neno lao la siri kwa sauti, watu wote wakisikia. Wamegeuza mambo juu chini. Namba ya utambulisho husema wewe ni nani, na neno la siri huthibitisha kwamba aliye mlangoni ni wewe. La kwanza unaweza kulitoa kwa wenye haki nalo. La pili usimpe mtu.

Ritani inaporudi, mimi huuliza mambo matatu kwa mpango, kama tulivyokuwa tukifanya darasani: Je, namba yenyewe ni sahihi? Je, namba na jina vinaafikiana? Je, ufunguo uko mikononi mwa mwenyewe?

Juu ya swali la kwanza, wengi hushangaa kwamba mtambo hutambua kosa la tarakimu moja hata kabla ya kutafuta jina. Hapana uchawi hapo, ni hesabu tu. Chukueni kitambulisho cha hapa. Tarakimu 6 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zinazofuata 4 hutenganisha wanawake na wanaume: chini ya 5000 ni mwanamke, kuanzia 5000 ni mwanamume. Ya 11 ni 0 kwa raia na 1 kwa mkaazi wa kudumu. Ya 13, yaani ya mwisho, ni ya kukagulia. Ukianza kuume kwenda kushoto, kila tarakimu ya pili huzidishwa kwa 2, na jawabu likiwa na tarakimu mbili hujumlishwa zenyewe kwa zenyewe. Kisha vyote hujumlishwa pamoja, na jumla lazima igawanyike kwa 10 bila ya baki. Aliyebuni kanuni hii ni Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM. Aliiombea hataza mwaka 1954, akapewa mwaka 1960. Kanuni hiyo hunasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili jirani, isipokuwa 0 na 9.

Humo pana jambo linalotuhusu sisi wahamiaji hasa. Mkaazi wa kudumu akipewa uraia, ile tarakimu ya 11 hutoka 1 ikawa 0. Jumla imepungua kwa 1, basi ile ya mwisho nayo haina budi kupanda kwa 1 ili hesabu ikae sawa. Mtu huyo, zile nyingine zikibaki kama zilivyo, amepata namba mpya inayofanana mno na ya zamani, na jicho halioni tofauti. Benki bado ina ya zamani, mwajiri ana ya zamani, na kitambulisho kina mpya. Msimu wa kodi ukifika, hati ya mshahara ya IRP5 aliyoipeleka mwajiri haimkuti mwenyewe. Tangu mwaka 2020 idara ya kodi ya hapa huwaandalia watu wengi makadirio kwa kutumia taarifa za waajiri na mabenki. Taarifa ikienda kwa namba isiyo yako, makadirio nayo yatakuja yana pengo.

Wenye kutumia pasi badala ya kitambulisho wana taabu iliyo karibu na hiyo, maana pasi mpya ina namba mpya. Wakenya walipoanza kupewa pasi mpya ya Afrika Mashariki mwaka 2017, kila aliyebadilisha alipata namba nyingine, na mahali pote alipoandikisha ile ya kwanza pakawa na mgeni asiyejulikana. Na wapo wazee wetu ambao siku yao ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Karani mmoja aliwapa tarehe 1 Januari, karani wa pili akawapa nyingine, na hapa tarehe ndiyo mwanzo wa namba.

Swali la pili ni la majina. Kwa hilo sisi wa Glenwood hatuhitaji mfano wa mbali. Mwaka 2008 manispaa ilipobadilisha majina ya barabara za Durban, mtaa wetu ulipata majina mawili mawili. Davenport Road ni Helen Joseph Road, Moore Road ni Che Guevara Road, Manning Road ni Lena Ahrens Road, na Francois Road ni Rick Turner Road. Mzee husema anakaa Manning Road, mjukuu wake husema Lena Ahrens, na wote wawili wanalala nyumba moja. Jirani anajua, dereva wa teksi anajua. Mtambo hauwezi kujua mpaka uambiwe.

Majina yetu ya pwani yana majaribu yake. Kwetu mtu ni fulani bin fulani bin fulani, na huku karatasi zinadai jina la ukoo. Basi jina la babu husukumwa mwisho likawa ukoo. Ndugu wawili, mmoja akaandikwa kwa jina la babu na wa pili kwa nisba, huonekana hawana udugu. Mohamed wa kwenye pasi ni Muhammad wa kwenye cheti cha skuli na Mohammed wa benki. Wanawake wetu hubaki na majina ya baba zao, kama dini ilivyotufunza, lakini kazini wengine huandikwa kwa jina la mume bila ya kuulizwa.

Tuliosoma madrasa hatuna haki ya kuliona jambo hili geni. Wanazuoni wa hadithi walitunga elimu nzima juu ya wapokezi, na Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, ana mijalada juu ya watu hao. Walihofu nini? Walihofu watu wawili wa jina moja wasije wakachanganywa, au mtu mmoja mwenye majina mawili akahesabiwa wawili. Jina la baba, kuniya, mji, mwaka wa kufa, vyote viliandikwa. Maalim wetu aliyetuchapa kwa kuitamka dhal kama zay alikuwa akitufundisha jambo ambalo leo kompyuta inatudai tena: herufi ina haki yake.

Sasa nitoe kisa kimoja, kwa idhini ya mwenyewe na bila ya kumtaja jina. Mama mmoja wa jamaa zetu, mjane, anakaa karibu na Bulwer Park. Baba yao alifariki akaacha nyumba katika Mji wa Kale, Mombasa. Hisa yake ilijulikana na kadhi alikwisha igawa. Kilichobaki ni kusajili. Wakili alidai PIN ya kila mrithi, na alikuwa na haki, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya taratibu za kodi imeutaja usajili wa hati za ardhi miongoni mwa mambo yanayohitaji PIN.

Mama huyo alikuwa nayo. Ilitengenezwa mwaka 2014 na kijana wa duka la kompyuta huko Mombasa, naye, kwa kuwa mama hakuwa na barua pepe, akatia ya kwake. Ndiyo desturi iliyokuwa imeenea siku hizo mtambo wa iTax ulipoingia. Kwenye kipande jina la baba yake lina "dh". Kwenye PIN lina "d" peke yake. Kila alipoomba neno jipya la siri, ujumbe ulikwenda kwa yule kijana, ambaye duka amelifunga na hajulikani aliko. Na PIN iliyofunguliwa wajibu wa kodi ya mapato haikai kimya: ritani hutakiwa kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kupita, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Ritani 4 zilikuwa hazikupelekwa. Hesabuni wenyewe: shilingi 8,000, kabla ya kodi yenyewe.

Hapo ndipo watoto wa ndugu yake walipotoa shauri. Walisema, na sidhani walikuwa na nia mbaya, "Shangazi, namba yako inachelewesha watu wote. Tuiandike nyumba kwa jina la baba, kisha wewe utapewa chako kwa mkono." Nilimwona mama wa watu akikunja ukaya wake kidoleni, karibu akubali. Wanawake wangapi wa pwani wamepoteza hisa zao kwa neno dogo kama hilo? Zamani walinyimwa kwa kuambiwa hawajui kusoma. Leo wananyimwa kwa kuambiwa namba yao inasumbua.

Tulianza kwenye shina. Alifungua barua pepe yake mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe. Aliandika kwa ofisi husika kwa jina lake, akaambatisha nakala ya kipande na ya pasi, akaomba mambo mawili tu: jina lifuate kipande, na anwani ya barua pepe iwe yake. Alijibiwa akatakiwa uthibitisho zaidi, akaupeleka. Alipoingia mara ya kwanza, mtambo ulimuuliza hesabu ndogo ya kujumlisha, kama unavyomuuliza kila mtu, akacheka akasema, "Maalim, hata huku kuna mtihani!" Akaujibu kabla sijafungua mdomo.

Kisha ukaja mtihani mkubwa zaidi. Mpwa mmoja wa hapa Durban alitaka kumsaidia amalize upesi. Alisema, "Shangazi, peleka ritani za sifuri kwa miaka yote, hakuna atakayeuliza." Mama akamtazama. "Nyumba ina mpangaji, mwanangu. Sifuri gani hiyo?" Na kweli, ndugu yake alikuwa akimletea fungu lake la kodi ya nyumba kila baada ya miezi. Ritani ya sifuri ni halali kwa asiyekuwa na pato huko. Kwa mwenye mpangaji ni ushahidi wa uongo uliotiwa saini. Tena mkaazi wa Kenya na asiye mkaazi hawatozwi sawa. Tangu Januari 2024 mkaazi anayepata kodi ya nyumba kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 yake, baada ya kuwa asilimia 10 tangu 2016. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30. Basi alimwita mhasibu wa Mombasa, akataka kwa ndugu yake daftari ya mpangaji, akaeleza ukweli wake, akalipa. Hakufurahi kulipa, nani hufurahi? Lakini hati ilipotoka, jina lake lilikuwamo, lina "dh" yake.

Swali la tatu, la ufunguo, limo ndani ya kisa hicho. Barua pepe na simu zilizoandikishwa ndizo mlango. Anayezishika ndiye mwenye nyumba machoni pa mtambo. Hapa kwetu eFiling hutuma namba ya kutumika mara moja kwenye simu au barua pepe uliyoandikisha. Ukibadilisha simu bila ya kuitoa ile ya zamani, umejifungia nje. Mambo kama anwani na simu hurekebishwa kwa fomu ya RAV01. Jina na namba ya kitambulisho ni jambo la kuonyesha hati. Fuateni mpango: kwanza hati ya utambulisho, kisha benki na mwajiri, kisha kodi. Anayeanza mwisho hurudia mwanzo.

Neno kwa vijana mnaowasaidia wazee. Hiyo ni kazi ya thawabu, lakini ni amana. Msitie barua pepe zenu mahali pa zao kwa ajili ya wepesi wa siku moja. Msihifadhi maneno yao ya siri. Mketisheni mzee mbele ya kioo abonyeze mwenyewe, japo itachukua saa nzima. Wala msiondoke kabla ya stakabadhi ya kupokelewa haijatoka. Pasipokuwa na stakabadhi, ritani haikufika. Na akipiga simu mtu akisema yeye ni wa ofisi ya kodi na anataka neno la siri, kateni simu.

Mwisho naomba kila nyumba iwe na daftari moja, ile ya kawaida ya mistari. Kila mtu apewe ukurasa wake. Andikeni jina kamili kama lilivyo kwenye hati ya msingi, herufi kwa herufi, na chini yake kila namna nyingine lilivyowahi kuandikwa na mahali gani. Andikeni tarehe ya kuzaliwa iliyosajiliwa. Andikeni namba za vitambulisho na pasi, za sasa na zilizopita, na mwaka zilipobadilika. PIN ya Kenya, au TIN, au namba ya kodi ya hapa. Barua pepe na simu iliyoandikishwa kwa kila moja. Pigeni mstari kwenye siku za mwisho: 30 Juni kwa Kenya; na kwa hapa, mwaka wa kodi huanza tarehe 1 Machi na kuisha mwisho wa Februari. Maneno ya siri yasiingie katika daftari hiyo hata kidogo.

Na ukurasa wa mama, wa shangazi na wa bibi uandikwe kwanza, kwani wao ndio ambao majina yao husahauliwa upesi na hisa zao huliwa kimya kimya. Itakapofika siku ya kurithiana, nayo haina budi kufika, watakaobaki watajua fulani ni nani na chake ni kipi.

Nawatakia nyote mwaka wa heri, na wenye kutaka msaada wa daftari, baraza iko wazi baada ya alasiri. Wabillahi tawfiq.